Nani alipima? Juu ya ule mlima wa zahabu wa Luhihi

Leo nataka turudilie video moja ya zamani kidogo. Ilizunguka mwanzo wa mwezi wa tatu, mwaka 2021. Watu wengi wako ku mlima, wengine na majembe, wengine na mikono mitupu, wanachimba udongo, wanaujaza, wanakwenda kuuosha mu beseni, na ndani ya beseni kitu kinang'aa. Ilikuwa Luhihi, teritwari ya Kabare, kilomita kama 50 kutoka hapa Bukavu. Ilifika India, ikafika Marekani, ikafika Nigeria, kisha ikarudi kwetu mu WhatsApp ikiwa na maandishi chini: mlima mzima umegunduliwa Kongo, na udongo wake ni zahabu asilimia 60 mpaka 90.

Mimi pia niliisambaza. Nilikuwa na lisansi ya agronomia, nilikuwa nimesoma udongo miaka mingi, na nilibonyeza tu.

Ninairudilia juu naona kila mara habari ya sayansi ao ya teknolojia ikiingia mu magrupe yetu ya wasomi, tunafanya vilevile. Tunatoa maoni kwanza, hesabu haifuati. Basi tuichambue hii moja pole pole, juu iko karibu na nyumbani na hakuna mtu atasema hakuweza kujua.

Video yenyewe haina kosa kubwa. Inaonyesha watu wanachimba, na zahabu Luhihi ilikuwa iko. Lakini angalia kile ambacho haionyeshi. Hakuna mizani hata moja. Hakuna mtu anayehesabu ni beseni ngapi zinaoshwa mpaka kupata ile punje. Kila mtu aliyewahi kufika ku machimbo anajua kwamba kazi ni kuosha beseni nyingi sana za bure. Mtu wa kamera anangoja ile beseni moja iliyong'aa. Hiyo si uongo, ni vile picha inafanya kazi: inakamata kitu kinachoonekana, inaacha muda, jasho na hasara. Sisi tunaotazama njo tunapaswa kurudisha kile kilichoachwa.

Uongo uko mu ile namba. Na ile namba, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa agronomia anaweza kuivunja na karatasi moja.

Chukua bidoni ya lita 20. Ukiijaza maji, ni kilo 20. Ukiijaza udongo mkavu wa shamba, utapata kilo kama 25, juu karibu nusu ya udongo ni nafasi tupu, na mchanga wenyewe uko na densite ya 2,65. Zahabu ni 19,3. Sasa weka mu bidoni udongo ambao asilimia 90 ya uzito wake ni zahabu, na uache ileile nusu ya nafasi tupu. Utapata zaidi ya kilo 110. Kwa asilimia 60, utapata kilo kama 55. Rudi ku video, angalia wale vijana vile wanabeba udongo. Wanaubeba sawa watu wanaobeba udongo.

Hesabu ya pili. Chukua parseli ya mita 20 kwa 20, ile tunayoota kununua wote. Chimba kwenda chini mita 5. Ni meta kibe 2.000. Kama kweli udongo ule uko na asilimia 60 ya zahabu, shimo hilo moja linatoa zaidi ya tani 3.000. Hiyo ni karibu zahabu yote ambayo machimbo ya dunia nzima yanatoa mu mwaka mmoja. Parseli moja tu, mlima wenyewe bado haujaguswa. Makampuni makubwa ya zahabu, na mashine zao zote, yanafurahi kupata gramu chache mu tani moja ya mawe. Si kilo, ni gramu. Kati ya gramu 3 kwa tani na asilimia 60, tofauti ni mara laki mbili.

Hesabu hii ilinichukua dakika kumi. Nimeifanya miaka kisha video. Ile njo aibu yangu.

Sasa tuongelee maoni. Nilikumbuka magrupe tuliyokuwa ndani, na niliona yalikuwa ya aina tatu. Ya kwanza: Mungu ametukumbuka. Ya pili: wazungu na majirani walijua tangu zamani, walikuwa wanatufichia. Ya tatu, ya wale wanaojiona wamesoma zaidi: Wakongo ni masikini juu ya ujinga, wanakalia zahabu na hawajui. Watu wa maoni haya matatu walibishana usiku mzima na kutukanana, mega zikaisha. Lakini wote walikubaliana juu ya kitu kimoja bila kujua: walikubali ile asilimia. Hakuna mtu aliyeuliza swali dogo kabisa, ni nani alipima, na alipima na nini?

Na kulikuwa mahali pa kuuliza. Lwiro, kituo cha utafiti kilichojengwa wakati wa Wabelgiji, kiko mu teritwari hiyohiyo ya Kabare. Mu mji tuko na vyuo vikuu vyenye labo na waalimu wa jeolojia na wa pedoloji. Mtu wa Texas akiamini, namsamehe, yeye hajui hata Kabare ni wapi. Sisi tulikuwa na mlima upande wa Katana, tukauangalia na macho ya mtu wa Texas.

Lakini kwa mimi, ubaya mkubwa ni kile ambacho ile namba ilifunika.

Tarehe 1 Machi 2021 waziri wa migodi wa jimbo, Venant Burume, alikuwa ameshatia sahihi amri: wachimbaji, wanunuzi na askari wa FARDC waondoke ku machimbo ya Luhihi mpaka itakapotangazwa tena, ili kuweka utaratibu na kuandikisha wachimbaji. Kwa hiyo siku ambazo dunia ilikuwa inashangilia watu wanaookota utajiri, watu walewale walikuwa wanaambiwa watoke. Isome tena ile amri: askari walikuwa wanafanya nini ku machimbo? Wanunuzi walikuwa wananunua kwa bei gani, na kilo zilikwenda wapi? Hayo njo maswali ya msomi wa Kivu ya Kusini. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanarudilia mu ripoti zao, mwaka kwa mwaka, kwamba zahabu nyingi inayochimbwa na mikono huku kwetu inatoka bila kuandikwa, inapitia nchi jirani na kuishia Dubai. Wizi huo ni wa gramu kwa gramu. Ili uuone, lazima ukubali kwamba zahabu inahesabiwa kwa gramu. Mtu anayeamini mlima wa asilimia 90 hawezi kuona mwizi wa gramu 10. Ile namba kubwa ilitudanganya juu ya udongo, kisha ikatufunga macho juu ya watu.

Na kuna hatari. Mwezi wa tisa 2020, miezi sita tu mbele ya ile video, machimbo yalibomoka Kamituga kisha mvua kubwa, na watu kama 50 walikufa ndani ya mashimo. Kamituga ni jimbo letu. Tulilia mu magrupe yaleyale. Kisha miezi sita tukaweka moto na makofi chini ya video ya vijana wanaochimba ukingo wa mlima bila kitu cha kuushikilia. Mtu wa agronomia anajua mlima uliochimbwa chini na kunyeshewa juu unafanya nini. Hilo pia hatukuandika.

Wakati ule mama mdogo wangu, anayeuza maharagi Kadutu, alinipigia simu. «Mwana, weye si njo ulisomeaka udongo? Ile ya Luhihi ni ya kweli?» Alikuwa anauliza juu ya kijana wake wa miaka 17, aliyekuwa ameshafunga beseni na jembe. Nilimjibu nini? Nilimwambia: «Mama, bado wanachunguza.» Jibu la kisomi, jibu la uoga. Kijana alienda. Alirudi kisha wiki mbili, mzima, Mungu asifiwe, lakini trimestre ilikuwa imepotea na hakurudi tena shuleni. Sisemi angebaki kama ningefanya hesabu. Nasema aliyeniuliza aliniamini juu ya diploma, na mimi nilikuwa na jibu mu kichwa, sikulitafuta.

Kuna mtu atasema: ndugu, unazidisha. Ni maoni tu, watu wanafurahi. Mu nchi yenye shida hivi, tusinyimane hata furaha ya video? Namsikia. Na atasema tena: hao wenye sayansi wametudanganya mara ngapi? Kweli walichukua mengi bila kutuambia. Mtu wa Kivu kuwa na mashaka si ujinga, ni kumbukumbu. Lakini mashaka ya kweli yanaanza na ile namba iliyo mbele yako. Kumshuku mtafiti aliye mbali na kuamini maandishi yasiyo na jina chini ya video, hiyo si mashaka, ni kuchagua tu wa kukudanganya.

Na hatukujifunza. Mwezi wa kwanza 2023 ikaja ile ya mawe ya umeme. Unaikumbuka: mtu anagusanisha mawe mawili, cheche zinatoka, kisha waya na kataa kadogo kanawaka. Ikasemwa ni mawe ya Kongo, mara ni litiamu, na mamilioni ya watu wakaitazama. Hapa mjini, tunapokaa gizani mara nyingi wakati mto Ruzizi unazungusha mashine za umeme tangu miaka ya 1950, tuliifurahia kuliko wote. Nani aliuliza mikono ya yule mtu ilishika nini pembeni ya kamera? Jiwe linaweza kupitisha umeme uliotoka mahali pengine, lakini halizai umeme lenyewe. Litiamu ya Manono iko mu mawe ikiwa imefungwa na oksijeni, aluminiamu na silikoni, na kuitoa ni kazi ya kiwanda. Jiwe la litiamu si betri, sawa vile shamba la ngano si mkate.

Tena maoni yalikuwa yaleyale matatu. Mungu, wazungu, ujinga wetu. Kesho itakuja nyingine, na safari hii video yenyewe inaweza kuwa imetengenezwa na kompyuta, hata mlima hautakuwa mlima. Mu mji ambao ujumbe mmoja wa simu unaweza kufungisha maduka mbele ya saa sita, huo si mchezo.

Siombi tunyamaze. Nyamaza yangu kwa mama mdogo ilikuwa mbaya kuliko kelele za wengine. Naomba kila mtu achunge kile alichosomea. Wa agronomia, chunga udongo na mbegu. Wa fizika, chunga umeme. Wa uchumi, chunga bei na mipaka. Wa udaktari, wewe unajua ni dawa gani zinauzwa ku simu kila siku. Habari ikiingia mu uwanja wako, tafuta kwanza kipimo chake, fanya hesabu, uiandike hapa kwa maneno ambayo muuza maharagi ataelewa. Kama hesabu yangu ya bidoni iko na kosa, nisahihishe chini hapa, nitashukuru. Lakini njoo na namba, na useme ni nani alipima.