Mkebe Usio na Kitako

Kifaa chenyewe ni mkebe wa mafuta ya kupikia, ule wa kilo mbili, uliokatwa kitako. Jikoni hauna kazi tena: ukitia maji yanamwagika, ukitia unga unabaki sakafuni. Lakini usiutupe. Mpe mtoto wa darasa la tano mkebe huo, gunia tupu, debe la kokoto na udongo uliochanganywa na samadi, kisha kaa kando umtazame.

Atakunja ukingo wa gunia, amwage udongo kidogo chini, halafu asimamishe mkebe katikati. Ndani ya mkebe anatia kokoto. Nje yake, kuuzunguka, anatia udongo. Vikifika usawa mmoja anaushika kwa mikono miwili na kuuvuta juu polepole, kama mama anayemvua mtoto fulana bila kumwamsha. Kokoto zinabaki zimesimama. Anatia tena, anavuta tena. Gunia likijaa, mkebe unatoka mtupu kama ulivyoingia, na ndani ya udongo imebaki nguzo ya mawe isiyoonekana na mtu.

Ufundi wote uko katika kule kuvuta. Ukivuta kwa pupa kokoto zinatawanyika. Ukichelewa, udongo unaung'ang'ania mkebe hautoki. Kutoboa mashimo ubavuni kwa ncha ya kisu na kuchomeka miche ya sukuma wiki na mchicha, hilo hata aliyezaliwa mjini ataliweza. Kuvuta mkebe ndiko kunakotenga gunia litakalolisha watoto na gunia litakalomwaibisha mwalimu mbele ya wazazi siku ya mkutano.

Langu liliniaibisha. Nilikuwa mgeni katika shule moja ya msingi, si mbali na Garsen na Mto Tana, nikakabidhiwa chama cha 4K, kile cha Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ambacho serikali ilikifufua mashuleni mwaka 2021. Niliona mambo ya mkebe ni madoido. Nikamwaga kokoto chini, udongo juu, nikapanda, nikanywesha. Udongo wa huku ni wa mfinyanzi: ukipata maji unafunga, ukikauka unapasuka. Baada ya wiki mbili miche ya juu ilikuwa imeoza kwa maji yaliyotuama, na ile ya chini imenyauka kwa kiu, mkono mmoja tu chini ya dimbwi. Mzee mmoja Mpokomo aliyekuja kumwona mjukuu wake alilizunguka gunia lile mara mbili, akaniambia kwa upole kwamba nimeumba kaunti yetu nzima: mafuriko na ukame pamoja, tena mahali pamoja.

Maneno yake hayakunitoka. Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka Aberdare na Mlima Kenya hadi unapomwagika baharini Kipini. Lakini abiria wa basi la Lamu anayeuvuka huona maji ya rangi ya chai ya maziwa, mkanda wa migomba na miembe, kisha nyika. Uhai wote umeushika mto ubavuni. Wapokomo wamelima kwenye kingo hizo vizazi na vizazi kwa kulisoma gharika: mto unafura, unafunika, unarudi, unaacha tope, mpunga unaingia mabondeni, mahindi na ndizi penye mwinuko. Waorma huwafikisha ng'ombe majini kwa njia zinazoitwa malka. Tangu mabwawa ya huko juu yajengwe, Masinga likiwa kubwa lao na lililokamilika mwaka 1981, ile kalenda ya wazee imevurugika. Maji huja kwa ratiba ambayo mkulima wa Ngao au Wema hakuiandika.

Sasa litazame tena gunia. Nguzo ya kokoto ni mto. Udongo unaoizunguka ni kingo. Kila shimo la ubavuni ni shamba la mtu. Ukimwaga maji juu hayakimbilii upande wenye nguvu. Yanateremka katikati, na kila ghorofa linapata fungu lake, mpaka mchicha wa chini kabisa unaogusa sakafu. Aliyebuni gunia hili simjui, wala sidhani alikuwa mtu mmoja. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, magunia ya namna hii yalienea Kibera kwa watu wasio na hata hatua moja ya ardhi. Huku kwetu ardhi ipo tele; yanayotoroka ni maji. Ndiyo maana nasema gunia hili, popote lilikotoka, lilipofika Garsen lilifika nyumbani. Ni Tana iliyosimamishwa wima na kufundishwa adabu.

Na kwa nini magunia tuliyaweka ndani ya nyumba? Kwa sababu ya jua, mbuzi na nyani, kwa mpangilio huo. Jua la Februari hukausha jani likiwa bado mtini. Mbuzi haogopi ua. Nyani anaogopa ua, ila anajua saa ya mapumziko ya walimu. Shuleni palikuwa na darasa kuukuu ambalo upepo ulikuwa umeondoka na nusu ya mabati yake. Tukalifunika kwa neti ya kivuli, tukaipachika kwenye fito za mathenge, mti ule uliokuja kama mgeni wa kuzuia jangwa ukageuka mwenye nyumba. Upande wenye neti ukawa wa magunia. Upande wenye bati, ulio na giza, tukamwachia mama mpishi.

Samadi waliileta watoto wa Kiorma kutoka mabomani, udongo, pamoja na mbegu za kunde na mnavu, ukaletwa na watoto wa Kipokomo kutoka mashambani. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 watu zaidi ya mia moja waliuawa katika mapigano ya jamii hizo mbili kwenye delta hii ya Tana, na chanzo kimojawapo kilikuwa malisho, mashamba na njia za kufika majini. Sisemi gunia linapatanisha watu. Gunia linataka samadi sehemu moja na udongo sehemu mbili, na mwenye samadi na mwenye udongo hawakuwa mtoto mmoja, basi.

Chakula cha mchana kilikuwa pure, ile ambayo watu wa bara huiita githeri: mahindi na maharagwe, chumvi na mafuta kidogo. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kulisha shule za Kenya mwaka 1980, likaikabidhi serikali kazi hiyo yote mwaka 2018, na katika kaunti kame sahani hiyo moja ndiyo inayomfanya mtoto atembee kilomita kadhaa asubuhi. Sahani hiyo hushibisha, haina kibichi. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe mwili huyapokea kwa shida pasipo vitamini C, na punje kavu haina vitamini hiyo ya kutajika. Jani la sukuma wiki lililokatwa jembamba na kutiwa sufuriani hubadilisha hesabu hiyo.

Lakini tuwe wakweli: gunia moja halilishi shule. Magunia yetu kumi na mawili yalitoa mboga ya kuchanganya na pure siku mbili kwa wiki. Siku nyingine zilibebwa na mama mpishi na giza lake.

Yeye aliloweka pojo usiku. Asubuhi akayamwaga maji, akazitandaza pojo ndani ya leso kuukuu iliyofuliwa ikachemshwa, akazifunika na kuziweka kwenye kikapu pembeni, penye giza. Asubuhi na jioni alizisuza kwa maji safi, akazifunika tena, asizungumze nazo wala asiruhusu mtu kuzichungulia. Siku ya tatu anaifunua leso: kila punje imepasua koti lake la kijani na kutoa mkia mweupe, na kikapu kilichokuwa robo kimejaa. Bila udongo, bila jua, bila shamba. Hakuwaruhusu watoto kuzila mbichi, maana joto na unyevu unaoamsha mbegu huamsha na vijidudu. Alizitia katika pure inayochemka, dakika za mwisho kabla ya kuondoa kuni, ili vijidudu vife na vitamini isife yote.

Hakuwa amesoma popote kwamba mwaka 1919, jijini London, Harriette Chick na Ellen Marion Delf walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mbegu za jamii ya kunde zilizochipushwa hukinga kiseyeye, ugonjwa uliowamaliza mabaharia na askari waliokosa mboga. Wala hakusikia habari za kisiwa cha Wake, katikati ya Pasifiki, ambako miaka ya 1930 abiria wa ndege za Pan American walilishwa mboga zilizooteshwa katika maji yenye madini, kwa kuwa kisiwa hakikuwa na udongo wa maana. Alichojua yeye ni kutupa kidogo. Maji aliyosuzia pojo alimpa mtoto wa zamu, na mtoto akayapeleka kwenye magunia: kopo moja kila gunia, juu ya mawe, si juu ya majani. Nimewahi kumwona mtoto akisimama na kopo tupu, sikio ameliegemeza kwenye gunia, akisikiliza maji yakishuka.

Mvua za El Niño za Novemba 2023 zilituonya, masika ya 2024 yakatufikia. Tana ikafura, vijiji vikahama, na nchini kote muhula wa pili ukaahirishwa mpaka tarehe 13 Mei. Tulikuwa tumepandisha ndoo za miche juu ya madawati, kwa kuwa ndoo hubebeka. Magunia yaliyojaa hayabebeki, tuliyaacha yalipo. Tuliporudi, ukuta ulikuwa na mstari wa tope usawa wa goti. Miche ya ndoo ilikuwa hai. Magunia yote yalikuwa yameoza chini, mboga zimelala kama vitambaa vilivyosahaulika mvuani.

Tuliamua kuyapasua ili tuokoe udongo. Mvulana mmoja akalichana la kwanza kwa panga, toka juu mpaka chini, likafunguka kama papai. Tukanyamaza. Katikati, mawe yalikuwa bado yamesimama kwa mstari, vilevile yalivyoachwa na mkebe. Na mizizi yote, ya shimo la kulia na ya shimo la kushoto, ya juu na ya chini, ilikuwa imesafiri gizani kuelekea pale pale, ikayakumbatia yale mawe kutoka kila upande.

Yule mvulana aliweka panga chini. Akaenda ukutani, akauangua mkebe kwenye msumari wake juu ya mstari wa tope, akapuliza vumbi na kutazama ndani yake kwa jicho moja, mpaka upande wa pili. Kisha akauliza gunia jipya liko wapi.