Maldivi na Sri Lanka: Hisabu ya Majirani Wawili

Mtu aulizapo ni wapi penye nafuu zaidi ya kwenda kupumzika, Maldivi au Sri Lanka, aghalabu hujibiwa upesi kwamba Maldivi ni ya matajiri na Sri Lanka ni ya kila mtu. Na jibu hilo, ingawa halikosi chembe ya ukweli, limetoka katika hisabu mbovu, kwa sababu hulinganisha chumba kilichojengwa juu ya maji katika kisiwa cha pekee na chumba cha kawaida katika mji wenye soko na stesheni, kana kwamba ni bidhaa moja inayouzwa katika maduka mawili. Nchi hizi ni jirani. Ndege itokayo Colombo hufika Malé kwa muda usiotimia saa mbili, upepo wa musimu uvumao huku ndio uvumao kule, na hata kodi za vyumba, kama tutakavyoona, zimekaribiana mno kwa asilimia. Kinachotofautiana ni namna gharama inavyojengwa, na hilo haliwezi kuonekana ila kwa kuifungua hisabu mstari kwa mstari.

Tuanze na Maldivi, maana ndiko kwenye fumbo. Nchi ile ina visiwa vipatavyo 1,192, vingi vikiwa vidogo kiasi cha kuzungukwa kwa miguu kabla chai haijapoa, vilivyotawanyika kutoka kaskazini hadi kusini kwa masafa ya zaidi ya kilomita 800, na ardhi yake yote ikikusanywa ni kilomita za mraba 300 hivi. Utalii ulianza huko mwaka 1972 ilipofunguliwa hoteli ya Kurumba, si mbali na Malé, na baadaye serikali ikashika kanuni ya kisiwa kimoja kwa hoteli moja: kisiwa kisichokaliwa na watu hukodishwa kwa mwekezaji, naye hujenga humo kila kitu. Na hapo pa «kila kitu» yafaa tutue kidogo. Hakuna mto wala bomba la mji, basi maji ya bahari sharti yaondolewe chumvi kwa mitambo. Hakuna nyaya za umeme zitokazo kwengineko, basi umeme hufuliwa papo hapo, aghalabu kwa dizeli iliyoletwa kwa chombo. Wafanyakazi hawarudi kwao jioni, basi ni lazima walazwe, walishwe, na wapewe msikiti wa kusalia. Na unga, nyama, mboga, hata sehemu kubwa ya matunda, vyote hutoka ng'ambo. Mgeni alipaye chumba huko huwa anaugharimia mji mdogo mzima, mji usio na raia wa kuchangia ila yeye na wageni wenzake.

Haikuwa hivyo daima. Ibn Battuta, ambaye alipita Kilwa mwaka 1331, alifika Maldivi mwaka 1343, akafanywa kadhi, akaoa, akakosana na waziri, kisha akaondoka akavuka hadi Sri Lanka kwenda kuuzuru mlima wenye alama inayosemwa kuwa ni ya unyayo wa Nabii Adamu. Katika khabari zake visiwa vile ni mahali pa maisha mepesi: samaki, nazi, kamba za makumbi zilizouzwa hadi nchi za mbali kwa kushonea majahazi, na kauri zilizotumika kama fedha. Ughali tuujuao leo, basi, haukutokana na visiwa vyenyewe. Umetokana na matakwa ya mgeni wa leo, ambaye hataki samaki na nazi peke yake.

Sasa tuje kwenye tarakimu. Bei za vyumba, vyombo na chakula nitakazozitaja ni za kukadiria, za kiasi cha kawaida, zilizowekwa ili hisabu ipate pa kukanyaga. Lakini kodi ni za kisheria. Chukua chumba kilichotangazwa kwa dola 400 kwa usiku, kwa mke na mume, pamoja na chakula cha asubuhi na cha jioni. Ikiwa mbele ya bei hiyo kuna alama mbili za kujumlisha, kama ilivyo desturi ya mahoteli, maana yake ni kwamba ujira wa huduma na kodi havimo. Kwanza huongezwa ujira wa huduma wa asilimia 10, ikawa dola 440. Juu ya 440 hizo, wala si juu ya 400, hutozwa kodi ya bidhaa na huduma za utalii, ambayo ilikuwa asilimia 12 hadi mwisho wa mwaka 2022, ikapandishwa kuwa 16 mwanzoni mwa 2023, na tangu Julai 1, 2025 ni asilimia 17. Hapo ikawa dola 514 na senti 80. Kisha huja kodi ya kijani, iliyoanza mwaka 2015 kwa dola 6, na tangu Januari 2025 ni dola 12 kwa kila mtu kwa kila usiku. Watu wawili ni dola 24. Chumba cha dola 400 kimekuwa cha dola 538 na senti 80, yaani bei imepanda kwa zaidi ya theluthi, na bado hapajanunuliwa hata chupa ya maji.

Tena bado hawajafika kisiwani. Hoteli zilizo mbali na Malé hufikiwa kwa ndege ndogo zinazotua majini, na nauli ya kwenda na kurudi mara nyingi hupita dola 400 kwa mtu mmoja. Tuseme 450, basi wawili ni 900. Ndege hizo hazirushwi usiku, maana rubani sharti aone maji anayotua juu yake, kwa hiyo msafiri ambaye ndege yake kubwa hutua Malé magharibi au baadaye hulipa usiku mmoja wa hoteli karibu na uwanja, gharama ambayo sijaiona katika tangazo lolote. Tuiache kando. Kwa siku saba, chumba ni dola 3,771 na senti 60, na pamoja na nauli hiyo ya ndege ndogo ni 4,671 na senti 60, ilhali aliyesoma tangazo na kuzidisha 400 kwa saba alijiwekea dola 2,800 moyoni.

Hiyo ndiyo Maldivi ijulikanayo. Walakini mnamo 2009 na 2010, katika utawala wa Rais Mohamed Nasheed, sheria ililegezwa na wenyeji wakaruhusiwa kufungua nyumba za wageni katika visiwa wanamokaa wenyewe, na hapo ikazaliwa Maldivi ya pili, ambayo wanaolinganisha bei huisahau. Mfano wake mashuhuri ni Maafushi, kusini ya Malé. Boti ya mwendo wa kasi hufika huko kwa chini ya saa moja, kwa dola 25 hivi. Na iko feri ya umma, ya dola chache tu, iendayo polepole na ambayo kwa desturi haisafiri Ijumaa, jambo ambalo msafiri wa pwani yetu hana haja ya kuelezwa sababu yake. Pombe hairuhusiwi, mavazi ya kuogelea yana ufuo wake maalumu, na adhana husikika vizuri. Aliyezoea Lamu au Unguja hatajiona mgeni sana.

Katika nyumba hizo kodi ya kijani ni nusu, dola 6 kwa mtu kwa usiku, maadamu vyumba havizidi 50. Yaonekana ni huruma, lakini itazame vizuri. Chumba cha dola 60, kikiisha kupanda kwa ujira wa huduma na kodi ya asilimia 17, huwa dola 77 na senti 22. Ongeza dola 12 za watu wawili, ikawa 89 na senti 22. Kwa chumba hiki kodi ya kijani peke yake ni sehemu ya tano ya bei iliyotangazwa, ilhali kwa chumba cha dola 1,000 katika hoteli ya fahari, dola zile 24 hazifiki hata senti tatu kwa kila dola. Kodi itozwayo kwa kichwa, hata wazee wetu waliolipa kodi ya kichwa kwa mkoloni waliujua msiba wake, humwelemea mwenye kipato kidogo. Kwa siku saba, basi, chumba ni dola 624 na senti 54. Boti kwa wawili, kwenda na kurudi, 100. Chakula, kwa kadiri ya dola 30 kwa mtu kwa siku, 420. Na safari mbili za kwenda kutazama samaki kwenye matumbawe, tuziwekee 160. Jumla ni dola 1,304 na senti 54.

Sri Lanka hujenga gharama zake kwa namna nyingine kabisa. Huko nako mahoteli hutoza ujira wa huduma wa asilimia 10 na kodi ya ongezeko la thamani, iliyopandishwa kuwa asilimia 18 mwaka 2024. Ukizidisha hayo mawili, chumba hupanda kwa asilimia 29.8, wakati Maldivi, pasipo kodi ya kijani, hupanda kwa asilimia 28.7. Lakini nyumba ndogo za wageni, ambazo mapato yao hayafikii kiwango cha kusajiliwa, hazitozi kodi hiyo, na chumba cha dola 60 hubaki cha dola 60. Fedha za msafiri huvuja kwengine. Nchi ina kilomita za mraba zaidi ya 65,000, na vitu vya kutazamwa vimetawanyika: mwamba wa Sigiriya kaskazini ya kati, Hekalu la Jino katika mji wa Kandy, mashamba ya chai milimani, ndovu na chui katika mbuga ya Yala, ngome ya Wareno na Waholanzi huko Galle. Aghalabu wageni hukodi gari pamoja na dereva kwa siku zote, kwa dola 60 hivi kwa siku, na hoteli nyingi humpa dereva malazi katika vyumba vilivyotengwa kwa madereva. Ni utaratibu mzuri, ila mtu asishangae gari likisimama kwenye bustani ya viungo au duka la vito ambalo hakuliomba, kwa maana dereva hupata bakshishi kwa kila anunuacho mgeni, na gharama hiyo haiandikwi popote.

Tuijumlishe, kwa wale wale wawili na siku zile zile saba. Vyumba 420, gari na dereva 420, viza 100 kwa ada ya kawaida ya dola 50, tikiti za kuingilia pamoja na gari la mbugani 200, ambapo Sigiriya peke yake humgharimu mgeni zaidi ya dola 30, na chakula 210, kwa kuwa wali na michuzi ya Sri Lanka hulimwa na kupikwa papo hapo. Jumla ni dola 1,350. Basi nchi ya kila mtu imeizidi nchi ya matajiri kwa dola 45 na ushei! Sikusudii kusema kwamba Sri Lanka ni ghali. Anayekaa ufuoni mahali pamoja, bila gari wala tikiti, ataondoa dola 620 na kubakiwa na 730, bei ambayo Maafushi haiwezi kuifikia. Ninachosema ni kwamba Sri Lanka hutoza mwendo, na Maldivi hutoza ukaaji.

Ndiyo maana idadi ya wasafiri hugeuza hukumu yote. Wakiwa wanne, gharama za Maafushi hurudiwa mara mbili, kwani kila kitu ni kwa kichwa au kwa chumba, zikawa dola 2,609 na senti 8. Huko Sri Lanka dereva ni yule yule mmoja, na jumla ni 2,280. Akiwa peke yake, Maafushi humgharimu yapata dola 920, na Sri Lanka kwa gari karibu 1,100, ila kama atakubali kupanda basi, au garimoshi lipitalo ukingoni mwa bahari kutoka Colombo hadi Galle, ambalo kiti chake cha kawaida hakifiki dola mbili.

Nauli hiyo ya garimoshi inatuonyesha jambo jingine, nalo ni sarafu. Mwaka 2022, Sri Lanka ilipofilisika na rupia yake kuporomoka kutoka 200 hivi kwa dola hadi kupita 360 katika miezi michache, kila kilichouzwa kwa rupia kilikuwa rahisi mno kwa mwenye dola, mpaka serikali ilipopandisha nauli, ilhali tikiti zilizopangwa kwa dola hazikutikisika. Mwenyeji aliumia kwa kiasi kile kile mgeni alichonufaika, na hilo lastahili kukumbukwa na anayejisifu kwa bei aliyopata. Rufiyaa ya Maldivi, kwa upande wake, imefungwa na dola kwa kiasi cha 15.42 tangu muongo wa 2010, kwa hiyo huko hakuna bahati ya namna hiyo.

Kuhusu majira, mtu wa pwani hahitaji kalenda. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, Maldivi na fuo za kusini-magharibi za Sri Lanka huwa kavu na bei hupaa. Kusi ikiingia, mvua huzipiga zote mbili. Lakini Sri Lanka ina upande wa pili wa kukimbilia, kwani Trincomalee na Arugam Bay, mashariki ya milima, huwa kavu miezi ile ile, na bei zake hupanda badala ya kushuka. Maldivi haina pa kukimbilia, basi hupunguza bei, na kwa mtu asiyejali mawimbi huo ndio wakati wake.

Nauli za ndege kubwa sikuzitia katika hisabu hii, kwa kuwa hutegemea mtu atokako. Lakini ndani ya tikiti ya kutoka Malé, tangu Desemba 2024, kila mgeni wa daraja la kawaida hulipishwa kodi ya kuondoka dola 50 na ada ya uwanja dola 50 nyingine. Colombo nako kuna ushuru wa namna hiyo. Atakaye kuziona nchi zote mbili, basi, na apange kuingia Colombo na kumalizia Malé, au kinyume chake, asiifanye Malé kuwa mlango wa kwenda na wa kurudi. Kwani mke na mume watakaotoka humo mara mbili watakuwa wamelipa dola 400 badala ya 200, na zile 200 za ziada zingewatosha kwa siku mbili za chumba huko Maafushi, na salio la kula samaki.