Mkono wa Mkunja Tambuu

Sisi wa Nyakitonto, kule Kasulu, shamba letu ni la mihogo, mahindi na maharage. Lakini mtambuu, unaotoa jani la tambuu la kutafuna, ni mmea wa pwani, wenye kupenda joto, unyevu na kivuli. Basi mtu wa bara akifika Unguja au Mombasa, asipite bila kumtazama mkunja tambuu akiwa kazini.

Kazi huanzia shambani. Mtambuu ni wa jamii moja na pilipili manga. Hutambaa juu ya mti au nguzo, na huoteshwa kwa kipande cha shina chenye vifundo. Mkulima huchagua jani lililokomaa lakini halijawa gumu, kisha hulifunga kwa kitambaa kibichi lisinyauke.

Mkunjaji huliosha jani, hulipangusa na kukata kikonyo. Chokaa huipaka kwa ncha ya kidole, na hapo ndipo ustadi unapopimwa: ikizidi huunguza ulimi, ikipungua uraibu haukolei wala mate hayawi mekundu. Hufuata katu, vipande vyembamba vya popoo (tunda la mpopoo), iliki, pengine na tumbaku. Jani hukunjwa pembetatu na kubanwa kwa karafuu moja. Mizani ya mkunjaji ni jicho lake tu.

Heshima ya jani hili ni ya kale. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipofika Mogadishu, aliletewa sahani ya tambuu na popoo kutoka nyumba ya sultani. Mgeni wa heshima alikaribishwa hivyo.

Jani lenyewe ni dawa pia. Huburudisha kinywa na kuondoa harufu mbaya. Katika tiba za Bara Hindi hupashwa moto na kuwekwa kifuani mwa mwenye kikohozi. Lina eujeno, kiambato kilekile kinachoipa karafuu harufu yake na chenye nguvu ya kuua vijidudu.

Popoo ni habari nyingine. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walishatangaza mwaka 2003 kwamba kutafuna popoo huleta saratani, hata bila tumbaku. Kwa hiyo, wewe unayekunja na wewe unayetafuna, popoo na tumbaku viacheni. Jani, iliki na karafuu vinatosha, na mkono wa fundi hautapungukiwa na kitu.