Kilo 115: Namna Traiki ya Kiti Kimoja Inavyobana Uzito

Tangu mwaka 1982, Sehemu ya 103 ya kanuni za anga za Marekani inamruhusu mtu kuruka bila leseni ya urubani na bila cheti cha ubora wa ndege, kwa masharti makali. Ndege iwe ya mtu mmoja. Ikiwa tupu isifike ratili 254, yaani takriban kilo 115. Isibebe mafuta zaidi ya galoni 5, kama lita 19. Tena iweze kupunguza mwendo hadi noti 24, sawa na kilomita 44 kwa saa, bawa likiwa bado linabeba. Mojawapo ya miundo inayotimiza masharti hayo ni traiki: bawa la kitambaa juu, kigari cha magurudumu matatu chini yake, injini na rafadha nyuma ya mgongo wa rubani.

Wepesi wake unatokana na uamuzi mmoja: kila kipande kimepewa kazi ambazo kwenye ndege ya kawaida hufanywa na vipande viwili au vitatu.

Tuanze na bawa. Ndege ya kawaida hubeba mkia mrefu ili pua isipande na kushuka ovyo. Traiki haina mkia. Bawa lake limelazwa kurudi nyuma, na ncha zake zimepindwa zikatazama chini kidogo kuliko sehemu ya katikati. Kwa kuwa ncha hizo ziko nyuma ya kitovu cha uzito, ndizo zinazofanya kazi ya mkia: pua ikizama na kasi ikaongezeka, hewa huzisukuma chini na pua hurudi juu. Utulivu huo umo katika mkato wa kitambaa na katika fito zinazokipa umbo. Chanzo cha bawa hili ni bawa laini ambalo Francis Rogallo na mkewe Gertrude waliliombea hataza mwaka 1948.

Kazi ya usukani imepewa uzito wa rubani mwenyewe. Mwaka 1963, huko Grafton, Australia, John Dickenson aliunganisha bawa la aina hiyo na fremu ya pembetatu, rubani akining'inia nyuma yake. Traiki imerithi mpango huo, na kigari kizima huning'inia kwenye kiungo kimoja chini ya mkuku wa bawa, yaani bomba la katikati linalotoka puani kwenda nyuma. Rubani akisukuma mbele mtaimbo, yaani bomba la chini la fremu ya pembetatu, uzito hurudi nyuma, pua hupanda na mwendo hupungua. Akiusogeza kushoto, bawa hulalia kulia. Bomba la kukingama, linalotanua bawa kwa upana, halikukazwa kwenye mkuku, hivyo mkuku husogea kidogo, kitambaa hulegea upande mmoja na kukazika upande wa pili, na bawa lenyewe humsaidia rubani kukata kona. Nyaya za usukani, kapi na vibawa vya pembeni vyote vimeondoka.

Sasa hesabu. Chukua kilo 115 za chombo, kilo 85 za rubani na kilo 14 za petroli: jumla kilo 214. Kwa kilomita 44 kwa saa, usawa wa bahari, bawa zuri la kitambaa linaweza kubeba kama kilo 14 kwa kila mita ya mraba. Linahitajika basi bawa la mita za mraba 15 hivi. Ukilikuza zaidi, mabomba ya alumini yanarefuka, uzito unapanda na mikono ya rubani inachoka upesi.

Bawa hilo likiteleza mita 7 mbele kwa kila mita 1 ya kushuka, ukinzani wa hewa ni sawa na kilo 31 tu. Ukihesabu nguvu inayopotea kwenye rafadha, nguvu za farasi 13 hivi zinatosha kuruka bila kupanda wala kushuka, na kama 24 zinatosha kupanda mita 2 kwa sekunde. Ndiyo maana injini ndogo ya kuchanganya oili na petroli inafaa, mradi giaboksi ipunguze mizunguko ili rafadha kubwa isukume hewa nyingi polepole. Hesabu hii haihamishiki popote bila marekebisho. Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni hafifu kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Kasi halisi ya kupaa huongezeka kwa asilimia 8 hivi, huku injini nayo ikipungukiwa nguvu.

Ubunifu huu una gharama, nayo lazima isemwe wazi. Usukani wa kuhamisha uzito hufanya kazi pale tu uzito unaponing'inia. Traiki ikirushwa hivi kwamba rubani anahisi mwili umekuwa mwepesi kitini, mtaimbo hauna tena nguvu, na bawa linaweza kupinduka bila njia ya kulirudisha. Kwa hiyo traiki nyingi huwekewa mipaka: pua isizidi nyuzi 30 juu au chini, na ulalo wa kona usizidi nyuzi 60. Kiungo cha kuning'inia nacho hakina mwenzake. Kikikatika, hakuna kingine cha kushika zamu. Wabunifu makini huongeza hapo kebo ya akiba inayozunguka mkuku.

Kebo hiyo ina uzito, na mjenzi anayepigania kila gramu hushawishika kuiacha. Asiiache. Kipande kilichobebeshwa kazi za wenzake wote ndicho kinachostahili chuma bora, ukaguzi kabla ya kila safari, na sehemu ya kwanza ya zile kilo 115. Gramu za kupunguza zitafutwe kwenye kiti, kwenye magurudumu na kwenye tangi.