Nguzo Isiyoimbwa: Tamthilia ya Kiswahili, Muziki na Sanaa za Maonesho katika Shule ya Sekondari kwa Mfano wa Soni

Ikisiri
Makala haya yanahakiki utengano uliopo kati ya ufundishaji wa tamthilia ya Kiswahili na ufundishaji wa masomo ya Muziki na Sanaa za Maonesho katika shule za sekondari nchini Tanzania. Kwa kurejelea Nguzo Mama ya Penina Muhando (1982) na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), na kwa kuichukua Soni, wilayani Lushoto, kuwa mazingira ya usomaji, yanadai kwamba utengano huo si wa ratiba tu. Unaathiri maana yenyewe ya matini.

1.0 Utangulizi
Katika mtihani wa kidato cha nne, mwanafunzi wa Tanzania hukutana na tamthilia ndani ya somo la Kiswahili. Muziki na Sanaa za Maonesho ni masomo mengine, ya kuchagua, yanayofundishwa katika shule chache na kutahiniwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni ya ajabu. Matini ya mchezo imewekwa katika lugha moja, na stadi za kuucheza zimewekwa katika lugha nyingine. Mwanafunzi anayesoma Nguzo Mama hapewi jukwaa, na yule anayepewa jukwaa huelezwa habari zake kwa msamiati usio wa Nguzo Mama.

Utengano huo haukuwa wa lazima. Mwaka 1976 Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walichapisha kitabu walichokiita Fasihi na Sanaa za Maonyesho. Kiunganishi "na" katika anwani hiyo kilikuwa hoja: kwamba fasihi ya Kiswahili na maonesho yake ni uwanja mmoja wa maarifa, na kwamba uwanja huo unaweza kujadiliwa kwa Kiswahili. Swali la makala haya ni kwa nini darasa la sekondari limekiondoa kiunganishi hicho, na hasara yake ni ipi.

2.0 Soni kama mazingira ya usomaji
Soni ni mji mdogo katika barabara ipandayo kutoka Mombo kwenda Lushoto, mahali inapochepuka njia ya Bumbuli. Si kitovu cha tamthilia, na ndiyo sababu unafaa kwa hoja hii: matatizo ya ufundishaji huonekana vizuri zaidi mbali na Dar es Salaam na Bagamoyo.

Mambo mawili yanaufanya mji huu uwe mfano wenye uzito. La kwanza ni simulizi. Jirani na Soni kuna Vuga, makao ya watawala wa Kikilindi, na simulizi ya Mbegha, mwindaji aliyezaliwa kigego, akafukuzwa kwao Nguu na hatimaye kutawazwa na Washambaa, ni mojawapo ya simulizi za Tanzania zilizoandikwa mapema kwa Kiswahili. Imo katika Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, iliyochapishwa upya mwaka 1962, na Steven Feierman (1974) aliichambua kama utendaji wa kijamii, mbali na kuwa kumbukumbu ya matukio. Kwa hiyo wazo kwamba hadithi hukamilika inapotendwa mbele ya watu si geni katika milima hii.

La pili ni muziki. Misheni ya Bethel ilifika Usambara mwaka 1891 na kuleta uimbaji wa sauti nne na bendi za matarumbeta. Kiwanda cha uchapaji cha Vuga, ambacho anwani yake ilikuwa Soni, kilichapa vitabu vya kanisa. Kijana wa Usambara anaweza kufika sekondari akiwa tayari anajua kusikiliza sauti ya mwenzake, kusubiri zamu yake na kuingia kwa wakati. Ujuzi huo ni wa kiutendaji. Hata hivyo, anapofungua kitabu cha tamthilia, hakuna anayemwomba autumie.

3.0 Nguzo Mama: hoja iliyomo katika wimbo
Mbinu iliyoenea darasani ni kuigawa tamthilia katika maudhui na fani, kisha kuorodhesha dhamira, migogoro, wahusika, mtindo na tamathali. Mbinu hii ina faida: inampa mwanafunzi lugha ya uhakiki na inampa mtahini kipimo. Kasoro yake ni kwamba huuweka wimbo chini ya kipengele cha "matumizi ya nyimbo", kana kwamba ni pambo lililobandikwa juu ya hoja iliyokwisha kukamilika.

Nguzo Mama inaipinga mbinu hiyo kwa muundo wake. Wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha Nguzo, nao wanashindwa. Wahusika wakuu wamepewa namba badala ya majina ya kawaida: Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu, hadi Bi Nane. Bi Msimulizi anayaunganisha matukio kwa mtindo wa fanani, na nyimbo na ngoma zinayabeba. Mhakiki anayesoma kimya huona namba hizo kama ishara ya wanawake wote kwa ujumla. Usomaji huo ni sahihi, ila haujitoshelezi. Namba ni mpangilio, na mpangilio husikika. Sauti nane zinazopaswa kuingia kwa zamu na kukutana katika kiitikio kimoja ni chombo cha muziki kabla ya kuwa kundi la kijamii. Nguzo ni kazi ya mikono mingi kwa pamoja, na kazi ya namna hiyo, katika jamii nyingi za Tanzania, huongozwa na wimbo. Kila Bi anapovutwa na shida zake mwenyewe, kinachovunjika ni kiitikio.

Mwanafunzi aliyekariri kwamba "dhamira kuu ni umoja" ameijua hitimisho bila kuupitia ushahidi wake. Mwanafunzi aliyesimama na wenzake saba, wakajaribu kuimba pamoja na wakashindwa kwa sababu mmoja ametoka mapema na mwingine amechelewa, ameielewa hoja ya Muhando kwa njia ambayo maelezo ya daftari hayawezi kuitoa. Hiyo ni tofauti ya kihakiki, na haipaswi kuhesabiwa kuwa burudani.

4.0 Kinjeketile: sauti ni ya nani?
Mfano wa pili unahusu sauti ya mtu mmoja. Katika Kinjeketile, mhusika mkuu akiwa amepagawa anatoa ahadi ya ushindi, na pamoja nayo anasema kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Baadaye, akili ikimrudia, maneno hayo yanamtesa: anaona kwamba kumwondoa Mjerumani ili kuwa chini ya bwana mwingine si uhuru. Mgogoro wote wa tamthilia unategemea swali moja: aliyesema ni nani, Kinjeketile au Hongo?

Matini haiwezi kulijibu swali hilo kikamilifu, kwa kuwa jibu limo katika kiimbo. Mwigizaji akitumia sauti ileile kabla na baada ya kupagawa, Kinjeketile anakuwa mtu anayekimbia maneno yake mwenyewe. Akibadili sauti, anakuwa chombo kilichotumiwa na nguvu nyingine. Hizo ni tafsiri mbili tofauti za tamthilia, na kila moja ina matokeo ya kisiasa. Darasa lisilotamka haliwezi hata kugundua kwamba linachagua.

5.0 Pingamizi
Inaweza kusemwa kwamba tiba ni rahisi: zifunguliwe shule nyingi zaidi zenye Muziki na Sanaa za Maonesho. Jibu hilo halitoshi. Somo la Muziki linaweza nalo kufundishwa kwa kukariri majina ya nota, na Sanaa za Maonesho kwa kukariri fasili. Aidha, kwaya humzoeza mwimbaji kufuata sauti iliyokwisha kupangwa, ilhali nyimbo za tamthilia hudai ubunifu wa papo kwa papo. Mradi wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 na wanataaluma wa sanaa za maonesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulionesha kwamba wasichana wa sekondari wanaweza kuchambua matatizo yao kwa njia ya maigizo. Lakini Tuseme haikuwa somo la mtihani, na hivyo haikuugusa ufundishaji wa tamthilia teule.

Pingamizi zito zaidi ni la muda na idadi. Mwalimu mwenye darasa kubwa na vitabu vichache hawezi kuandaa onesho zima. Hoja ya makala haya haidai hivyo. Inadai kwamba onesho moja fupi, litamkwe na kuimbwa kabla ya kuchambuliwa, lihesabiwe kuwa sehemu ya uhakiki. Hilo halihitaji jukwaa wala vifaa, ila linahitaji mtihani unaouliza swali ambalo msomaji wa kimya hawezi kulijibu.

6.0 Hitimisho
Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeigawa elimu ya sekondari katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Kuzitambua sanaa kama amali ni hatua ya kupongezwa, kwani kunampa msanii heshima ya mtaalamu. Hata hivyo, kuna hatari. Iwapo kuimba na kuigiza kutabaki upande wa amali, na kusoma tamthilia upande wa jumla, ufa uliokuwa kati ya masomo mawili utakuwa ufa kati ya wanafunzi wa aina mbili: wanaotenda bila matini na wanaosoma bila sauti.

Kijana wa Soni ambaye Jumapili huimba sauti ya tatu, na Jumatatu huandika "matumizi ya nyimbo" katika daftari la Kiswahili, anavyo vyote viwili. Kazi ya darasa ni kumwonesha kwamba ni kitu kimoja. Bila hivyo, Nguzo Mama itaendelea kusomwa kila mwaka kama habari ya wanawake walioshindwa kuinua nguzo, na msomaji hatatambua kwamba naye ameshindwa kuiinua.