Bibi Irma Stern na Nyuso za Unguja

Katika wachoraji wa kigeni waliokuja Unguja kuchora nyuso za watu, aliyepata sifa kubwa ni Bibi Irma Stern. Alizaliwa mwaka 1894 katika Transvaal, Afrika ya Kusini, kwa wazazi Wajerumani wa kabila la Kiyahudi, akajifunza kazi yake Ujerumani, ambako mchoraji Max Pechstein alimfaa sana. Alipoonyesha picha zake Cape Town mwaka 1922, wengi walimcheka, lakini hakuacha.

Alifika Unguja mara mbili, mwaka 1939 na 1945, akachora Waarabu, Wahindi na Waswahili wa Mji Mkongwe. Mwaka 1948 alitoa kitabu kiitwacho Zanzibar.

Rangi zake ni nzito, tena zimepakwa kwa haraka. Aliyezoea picha za kamera huenda akasema kazi haikumalizika. Sivyo. Kamera hutwaa sura ya mara moja; yeye alitafuta hali ya mtu, uzee wake na utulivu wake. Picha nyingi alizitilia fremu za mbao za nakshi zilizotoka katika milango ya Unguja, hata uso na nyumba vikawa kitu kimoja.

Hata hivyo, liko neno moja la kumlaumu. Picha ya mzee mwenye ndevu aliyoichora mwaka 1945, iliyouzwa London mwaka 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3, yaitwa “Kasisi wa Kiarabu”. Nasi twajua ya kuwa Uislamu hauna makasisi. Nyingine yaitwa “Msichana wa Kibohora”. Kabila limetajwa, mtu hakutajwa.

Tulinganishe na Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Sayyid Said, aliyefika New York kwa merikebu Sultana mwaka 1840. Huko alichorwa na Edward Mooney, na mpaka leo aitazamaye picha ile aweza kujua ni nani, na alitumwa na nani. Kwa ustadi wa rangi, Bibi Stern amshinda Mooney. Kwa heshima ya jina, Mooney amemshinda.

Basi tusizikatae picha za Bibi huyu, maana zimehifadhi nyuso ambazo pasipo yeye zingalipotea. Ila tujifunze upungufu wake. Enyi walimu wenzangu, mtoto akichora uso wa babu yake, mwambieni aandike na jina chini yake.