Kuunganisha, Kuambatisha na Kurejelea: Uhakiki wa Istilahi za Mafaili

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizoenea upesi katika Kiswahili ni neno kiungo, pamoja na kitenzi chake kuunganisha. Madhumuni ya makala hii ni kulihakiki neno hilo katika eneo moja tu la matumizi. Mtu huandika maelezo yake mwenyewe katika programu ya kuhifadhi maarifa, kama vile Obsidian au Zotero; kisha hutaka maelezo hayo yahusishwe na faili fulani, liwe picha, ramani au barua. Aghalabu mtu huyo huambiwa "aunganishe faili na makala". Kwa maoni yetu, usemi huo una kasoro, na kasoro yenyewe si ya urembo wa lugha. Yaweza kumpotezea mtu kazi ya miaka mingi.

Kasoro ni kwamba neno moja limetwikwa matendo matatu. La kwanza ni kufanya vitu viwili kuwa kimoja, kama seremala aunganishavyo mbao. Kwa maana hiyo, kuunganisha mafaili mawili ni kupata faili moja. La pili ni kutia nakala ya faili ndani ya hifadhi ya programu. La tatu ni kuandika katika makala anwani ya mahali faili lilipo, na faili lenyewe likabaki pale pale. Programu ya Zotero, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2006, huyatenga wazi matendo haya mawili ya mwisho: humwachia mtumiaji achague kuhifadhi nakala au kuweka anwani tu. Mfasiri anayetumia neno moja kwa yote mawili humnyang'anya msomaji uchaguzi huo.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Lushoto anayekusanya majina ya miti ya Kishambaa. Ameandika makala juu ya mkulo, mti ambao jina lake la kisayansi, Ocotea usambarensis, linaitaja milima yenyewe. Picha ya jani lake imo mahali pengine katika kompyuta. Programu yamwarifu kwamba "faili limeunganishwa". Akiielewa lugha yake kama alivyoizoea, ataamini kwamba kilichoungwa hakitengani, kama mkono na bega. Kwa hiyo ataifuta picha ya awali ili apate nafasi. Siku atakapoifungua makala, jina la mti litakuwapo, bali jani halitakuwapo. Hapo hatuwezi kusema kwamba mwalimu hakusoma maelekezo. Aliyasoma, na alilielewa neno sawasawa. Ni neno lililomdanganya.

Tatizo hili si geni katika milima ya Usambara. Wataalamu wa mimea walilikabili kabla ya kompyuta kuwapo. Mmea huchumwa, hukaushwa, hubandikwa juu ya karatasi, na kuandikiwa jina la mkusanyaji na namba yake. Kitabu hakiwezi kuubeba mmea huo. Hutaja jina na namba tu. Ndivyo ilivyofanywa katika Flora of Tropical East Africa, kazi iliyoanza kutolewa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012. Chini ya jina la mmea msomaji hukuta Wilaya ya Lushoto, jina la aliyeuchuma, na namba. Hilo ni rejeo kamili.

Historia ya marejeo hayo ina mafunzo mawili. Taasisi ya utafiti ya Amani, katika Usambara ya Mashariki, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na hifadhi yake ya mimea mikavu ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Karatasi zilihama, namba hazikubadilika. Aliyeandika namba aliendelea kuelekeza sawasawa. Lau angaliandika kabati na rafu ya Amani, maelezo yake yangalikuwa bure. Funzo la kwanza, basi, ni kwamba rejeo jema hushika utambulisho wa kitu kuliko mahali kilipowekwa. Anayetunza mafaili yake hana budi kuyapa majina ya kudumu kabla ya kuyarejelea.

Funzo la pili ni chungu zaidi. Vielelezo vingi vilivyochumwa Usambara wakati wa utawala wa Wajerumani vilipelekwa Berlin. Mwezi Machi 1943, wakati wa vita, mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya hifadhi ya mimea ya mji huo. Marejeo yaliyokuwa vitabuni yalibaki sahihi kwa kila herufi, lakini sasa yalielekeza kwenye majivu. Palipokuwa na nakala, yaani matawi mengine ya mmea ule ule, chini ya namba ile ile, yaliyopelekwa katika hifadhi nyingine, wataalamu walipata pa kushikia. Kurejelea hakutoshi pasipo nakala, na nakala haina faida pasipo rejeo. Kwa kuwa matendo haya mawili husaidiana, kila moja lastahili jina lake.

Je, yafaa tuunde maneno mapya? Hatuoni haja. Watumishi wa serikali wanayo maneno hayo tayari katika masijala zao. Karani aandikapo, "Rejea barua yako yenye Kumb. Na." fulani, hakuna atakayeipekua bahasha akiitafuta barua hiyo, kila mtu ajua kwamba imo katika faili lake. Lakini aandikapo, "Nakala imeambatishwa", mpokeaji asipoiona ana haki ya kulalamika. Tofauti ambayo wafasiri wa programu wameififisha, masijala imeitunza miaka mingi.

Hivyo basi, tunapendekeza matumizi yafuatayo. Kuunganisha libaki kwa tendo la kufanya mafaili kadhaa kuwa moja. Kuambatisha litumike pale nakala inapotiwa ndani. Maana hii inalingana na kiambatisho cha barua pepe kilichokwisha kuzoeleka. Kurejelea litumike pale panapoandikwa anwani tu, na jina lake liwe rejeo. Tumechagua kurejelea badala ya kurejea kwa sababu kurejea pia ni kurudi, na msomaji asije akadhani kwamba faili linarudishwa mahali fulani.

Huenda wengine wakasema kwamba kiungo limekwisha kukita mizizi, na kuling'oa ni kazi bure. Hatukusudii kuling'oa. Baina ya makala na makala katika hifadhi moja, kiungo chafaa sana, maana pande zote mbili zimo nyumbani mwa mtumiaji. Tunalipinga pale tu linapoficha kwamba upande mmoja uko nje. Wengine watasema kwamba mtumiaji atajifunza tofauti hiyo kwa mazoea. Kweli, atajifunza, lakini baada ya kupoteza kitu. Kazi ya istilahi ni kumwonya kabla.

Kipimo chetu ni chepesi. Mfasiri aandikapo taarifa ya programu, ajiulize: je, msomaji atajua kama anaweza kulifuta faili la awali? "Faili limeunganishwa" haimjibu. "Faili limerejelewa, halikunakiliwa" inamjibu kwa maneno matatu. Tunawaomba wafasiri na walimu wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao, na watuletee mifano ambapo yanakwama, ili yajadiliwe kabla ya kusanifiwa.